Kwa nini wahudumu wazuri wanaondoka: mwongozo kamili wa uongozi wa uadilifu katika hoteli na migahawa

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukitazama hoteli nyingi utakuta mgeni kaja kweli, kala, kalala, kalipa. Mwenyeji ndiye hajapona. Yule aliyemtandikia kitanda ana barua ya kuacha kazi mfukoni mwa sare, anasubiri tu mshahara uingie.

Mwongozo huu ni wa anayesimamia watu kwenye hoteli, mgahawa, baa au kampuni ya kupikia sherehe: meneja mkuu, mkuu wa idara, msimamizi wa zamu, au mwenye mali anayejiendeshea mwenyewe. Ninachokiamini nakisema mapema. Wafanyakazi hawausomi uadilifu wako kwenye hotuba, wala kwenye bango la maadili lililotundikwa pale wanaposaini kuingia kazini. Wanausoma kwenye karatasi mbili, hesabu ya bakshishi na ratiba ya zamu, na wanausoma tena siku mgeni anapowakosea. Ukiharibu hapo, mengine yote ni mapambo.

Kwanza tuelewane: mtu anabaki kazini kwa nini?

Mwaka 1991 watafiti John Meyer na Natalie Allen walitenganisha sababu tatu zinazomfunga mtu na mahali pake pa kazi. Kwa lugha yetu, yuko anayebaki kwa kupenda, yuko anayebaki kwa hesabu, na yuko anayebaki kwa deni. Wa kupenda anapaona mahali pale ni pake. Wa hesabu amepiga mahesabu akaona akiondoka atapoteza zaidi, basi yupo. Wa deni anahisi si haki kuwaacha watu waliomtendea wema.

Kwenye daftari la mahudhurio wote watatu wanafanana. Tofauti inajitokeza saa tano usiku, mgeni aliyecheleweshwa na ndege anapofika na njaa. Wa hesabu atamwambia jikoni kumefungwa, na hajakosea, kwa sababu ni kweli kumefungwa. Wa kupenda atasema hayohayo kisha aongeze, "Hebu nikuangalizie kilichopo," na atarudi na supu ya moto na mkate. Wa deni huenda akafanya vivyo hivyo, kama mwezi uliopita ulimpa ruhusa akamuuguze mzazi wake bila kumkata siku.

Ndiyo maana sishangilii hoteli inayojisifu kwamba watu wake hawaondoki. Palipo na uhaba wa ajira unaweza kuwa na timu ya miaka kumi na wote ni wa hesabu. Siku hoteli nyingine inapofunguliwa jirani ndipo utajua ulikuwa na watu wa aina gani.

Kuhusu uongozi wenyewe, Michael Brown, Linda Treviño na David Harrison waliandika mwaka 2005 maelezo ambayo watafiti wengi wanayatumia hadi leo. Uongozi wa uadilifu una miguu miwili. Mmoja ni mwenendo wako mwenyewe. Wa pili ni jinsi unavyoufanya mwenendo huo uwe sheria ya nyumba: unavyouzungumzia, unavyotuza, unavyoadhibu, unavyoamua. Wengi wana mguu mmoja. Meneja mpole, msafi, asiyegusa senti ya mtu, lakini anayejifanya hasikii mpishi mkuu akiwatukana vijana wake, ni mtu mwema tu. Kiongozi hajawa.

Sekta hii ina jambo moja linaloikuza athari ya kiongozi kuliko kazi nyingi nyingine: kinachouzwa humo ni pamoja na hisia. Mwanasosholojia Arlie Hochschild alilieleza hilo mwaka 1983 kutokana na kazi za wahudumu wa ndege: mtu analipwa ili aonyeshe uchangamfu hata kama moyoni hana. Unaweza kumwamuru mhudumu atabasamu. Huwezi kumwamuru amaanishe, na mgeni anaitambua tofauti kabla hajaketi.

Hatua ya 1: Jikague kabla hujamkagua mtu

Chukua karatasi uandike kila unachochukua bure hapo kazini kwa wiki moja: chakula kisichoandikwa, soda ya baa, chumba alicholala shemeji yako, fundi wa hoteli uliyemtuma nyumbani kwako, dereva aliyewapeleka watoto shule. Kisha jiulize kama mwosha vyombo angefukuzwa kwa kufanya hivyohivyo. Jibu likiwa ndiyo, una mambo mawili ya kuchagua: uache, au iandikwe wazi kuwa ni stahili ya cheo chako na kila unapoitumia usaini kwenye kitabu kama wengine.

Usidhani hawaoni. Mtu wa stoo anajua kila kitu. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba binadamu hujifunza mengi kwa kutazama wanaotazamwa, na hotelini wewe ndiye unayetazamwa.

Hatua ya 2: Iweke bakshishi mahali pa wazi

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo moyo wa mfanyakazi unapovunjika haraka zaidi.

Mkataba namba 172 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1991, unahusu hoteli na migahawa peke yake. Unasema bakshishi ni pesa anayoitoa mteja kwa hiari juu ya bei ya huduma, na kwamba bila kujali bakshishi, mfanyakazi lazima apate ujira wa msingi unaolipwa kwa vipindi vinavyojulikana. Maana yake, usimwambie mtu "utajazia kwa bakshishi". Nchini Marekani, marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliwakataza waajiri, mameneja na wasimamizi kujiwekea bakshishi za wafanyakazi. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024, inamtaka mwajiri awagawie wafanyakazi bakshishi yote, kabla mwezi unaofuata haujaisha. Tazama sheria ya nchi yako inasemaje, lakini usisubiri ikulazimishe.

Fanya hivi. Itisha kikao cha wawakilishi wa kila idara, waliochaguliwa na wenzao. Wewe na wasimamizi mtoke kwenye mgao. Mkikaa humo, hata hesabu iliyo sahihi haitaaminika. Wakubaliane uzito wa kila kazi, kisha uzito uzidishwe na saa alizofanya mtu.

Tuseme sanduku lina 1,200 za sarafu yoyote ile. Mhudumu wa mezani ana uzito 3 na amefanya saa 48, anapata alama 144. Mpishi ana uzito 2 na saa 50, alama 100. Mwosha vyombo ana uzito 2 na saa 28, alama 56. Jumla ni alama 300, hivyo kila alama ni 4. Mhudumu anachukua 576, mpishi 400, mwosha vyombo 224. Hesabu hiyo inatosha ukurasa mmoja. Ibandike ukutani kila wiki, ikionyesha jumla iliyoingia, jumla iliyotoka, na saini mbili za wawakilishi. Sanduku liwe na kufuli mbili, na funguo zishikwe na idara mbili tofauti.

Bakshishi ya kadi ndiyo inayoleta ugomvi mkubwa, maana haionekani. Toa ripoti ya mashine kila siku na iambatanishwe na hesabu hiyo. Kama kuna tozo ya huduma kwenye bili, amua ni ya nani na uwaambie wageni na wafanyakazi neno lilelile. Mgeni akidhani asilimia iliyoongezwa inakwenda kwa mhudumu, naye mhudumu anajua inakwenda kwa kampuni, umewadanganya wote wawili kwa mstari mmoja wa bili.

Na makato ya vyombo vilivyovunjika? Yaache. Glasi huvunjika. Kumkata mtu mshahara kwa glasi kunamfundisha kuficha vipande, na kipande kilichofichwa kinaishia kwenye ndoo ya barafu.

Hatua ya 3: Ratiba ya zamu

Mkataba uleule namba 172 unataka wafanyakazi waarifiwe ratiba mapema, kadiri inavyowezekana, ili wapange maisha yao na ya familia zao. Mapema ni lini? Siku 14 ni lengo zuri, 7 ni ya chini kabisa. Ratiba inayotumwa usiku wa kuamkia Jumatatu inamwambia mama wa watoto wawili kwamba muda wake hauna thamani.

Chunga mapumziko kati ya zamu. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2003, unataka saa 11 mfululizo za kupumzika katika kila saa 24. Anayefunga baa saa nane usiku na kurudi kuandaa kifungua kinywa saa kumi na mbili asubuhi amepata saa nne, na humo kuna safari ya kwenda nyumbani na kurudi. Usimpange hivyo hata akikubali. Anakubali kwa sababu anaogopa kukataa.

Fungua daftari la sikukuu: nani alifanya kazi sikukuu gani, mwaka gani, kwa kila dini. Ukilifungua mara ya kwanza utaona aibu. Majina yaleyale matano yamebeba sikukuu zote, na kuna mtu mmoja ambaye hajawahi kukosa ya kwake. Huyo kila mtu anamjua, na kila mtu anajua ni wa nani.

Saa za ziada zilipwe au zifidiwe kwa mapumziko, tena zilipwe zilivyo. Sihitaji kusema zaidi.

Hatua ya 4: Amua leo utafanyaje mgeni akimkosea mfanyakazi

"Mteja ni mfalme" ni kauli ya biashara, na imewafunika watu wengi wabaya. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 wa kukomesha ukatili na unyanyasaji kazini, ulioanza kutumika mwaka 2021. Pendekezo namba 206 linaloandamana nao linataja kazi za ukarimu, kazi za usiku na kazi za kuwa peke yako miongoni mwa zile ambazo hatari ni kubwa zaidi. Mhudumu wa vyumba yumo katika tatu zote: yuko hotelini, mara nyingine ni usiku, na yuko peke yake ndani ya chumba cha mtu asiyemjua. Jiji la Chicago lilipitisha sheria mwaka 2017 inayozitaka hoteli zimpe mfanyakazi wa aina hiyo kifaa cha kubonyeza kuita msaada. Kama huna uwezo wa vifaa, unao uwezo wa kuwapanga wawili wawili kwenye ghorofa ngumu, na wa kuruhusu mlango ubaki wazi na toroli likiwa mlangoni.

Utaratibu uandikwe, uwe mfupi. Mfanyakazi ana ruhusa ya kuondoka chumbani au mezani papo hapo bila kuomba. Anamwambia msimamizi wa zamu. Msimamizi hamrudishi kwa mgeni yule, wala hampangii adhabu ya siri ya kumhamishia kazi ngumu, anakwenda mwenyewe. Maneno yake yanaweza kuwa haya: "Bwana, mwenzetu ametueleza kilichotokea. Hatuliruhusu hilo hapa. Kuanzia sasa nitakuhudumia mimi, na likijirudia tutakuomba uondoke." Kisha kinaandikwa: saa, chumba, kilichosemwa, kilichofanyika. Ikifika mahali pa polisi, mfanyakazi asindikizwe na saa hizo zihesabiwe kuwa ni za kazi.

Mtihani wako utakuja siku mkosaji ni mgeni wa kila mwezi anayelipia vyumba kumi. Kama hukuamua mapema, utaamua kwa pesa. Nimeona meneja, kwenye hoteli nisiyoitaja, akimwambia msichana wa mapokezi "mzoee, ndivyo alivyo". Hakuna aliyegoma. Lakini tangu siku ile watu waliacha kumwambia meneja lolote, hata bomba lilipopasuka.

Hatua ya 5: Usimtume mtu akadanganye

Vyumba vimeuzwa kuliko vilivyopo. Mgeni amefika na mizigo. Meneja anamwambia kijana wa mapokezi, "Mwambie maji yamekatika." Ni uongo mdogo, wa kila siku. Lakini uso unaotazamana na mgeni si wa meneja, ni wa kijana yule, na yeye ndiye anayekwenda nao nyumbani.

Mfano huo una wenzake wengi: samaki wa juzi anayeuzwa kama wa leo, pombe ya bei ndogo inayomiminwa kwenye chupa ya bei kubwa, wafanyakazi wanaoagizwa kuandika sifa za hoteli mtandaoni kana kwamba ni wageni, chakula kinachodaiwa hakina karanga wakati hakuna aliyeuliza jikoni. Hilo la mwisho linaweza kuua mtu mwenye mzio. Ukiwazoeza watu kumdanganya mgeni kwa faida yako, umewafundisha kazi, na kazi hiyohiyo wataifanya stoo.

Badala yake, weka maneno ya ukweli yanayoweza kusemeka. Kwa vyumba vilivyouzwa kupita kiasi: "Tumekosea, tumechukua oda zaidi ya vyumba tulivyonavyo. Tumekupatia chumba hoteli nyingine ya hadhi hii, usafiri tunalipa sisi, na tofauti ya bei ni yetu." Na msimamizi awepo pale kaunta, asimwache kijana peke yake. Mgeni atakasirika bado. Kijana, hata hivyo, atalala.

Hatua ya 6: Wape mamlaka, na utenganishe makosa

Ritz-Carlton, kampuni ya hoteli za kifahari, inajulikana kwa kumruhusu kila mfanyakazi kutumia hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja kutatua tatizo bila kumuuliza bosi. Wewe huna haja ya kiasi hicho. Kinachofanya kazi humo ni imani inayoonekana. Panga kiwango chako, hata kiwe ni chakula kimoja cha bure au kuhamishiwa chumba bora. Mfanyakazi aandike alichotoa na kwa nini. Atakapotumia vibaya mara ya kwanza, zungumza naye faraghani. Usifute mamlaka ya wote kwa kosa la mmoja.

Adhabu zinahitaji mizani. Kukosea oda ni kosa la kawaida, linahitaji mafunzo. Kupuuza usafi baada ya kuelezwa mara mbili ni uzembe, unahitaji onyo. Kuiba ni kuiba, awe mpishi msaidizi au mhasibu, tena mhasibu kwanza. Timu haivunjwi na ukali. Inavunjwa inapoona yai moja limemfukuzisha kijana, na magunia ya mchele yakasamehewa mtu wa ofisini.

Hatua ya 7: Wasimamizi wa kati

Uadilifu wako unaishia pale msimamizi wa zamu anapoanza. Mtafiti David Mayer na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba mwenendo wa uongozi wa juu huwafikia wafanyakazi ukipitia kwa wasimamizi wao wa karibu. Mhudumu wa usiku huenda asikuone wiki nzima. Kwake, hoteli ni yule anayemgawia kazi.

Kwa hiyo mpandishe cheo mtu kwa jinsi anavyowatendea wenzake, si kwa sababu ni mhudumu hodari tu. Kabla ya kumpandisha, waulize waosha vyombo na wafuaji nguo. Hawana cha kumpendezea, na ndio wanaojua anavyosema pale ambapo wakubwa hawapo.

Na chunguza uajiri. Mkataba namba 172 unakataza kuuza na kununua ajira, na haukuandika hivyo bila sababu. Kibarua wa msimu aliyetoa mshahara wa mwezi wa kwanza, au aliyeombwa zaidi ya pesa, ameingia mlangoni akiwa na deni kwa mtu mmoja na chuki kwa nyumba nzima. Wahoji watu wapya wewe mwenyewe baada ya mwezi, bila aliyewaleta kuwepo. Vibarua walioletwa na wakala wahojiwe pia. Kwao ndiko mambo yanakofichwa zaidi.

Hatua ya 8: Njia ya kusema, na jibu

Sanduku la maoni lenye vumbi ni ushahidi kwamba hakuna anayejibu. Weka njia mbili, moja ikiwa haipiti kwa msimamizi wa karibu, na utangaze muda wa kujibu: siku tatu kukiri umepokea, wiki mbili kusema kilichofanyika. Jibu linaweza kuwa "hatuwezi, kwa sababu hii". Hilo nalo ni jibu. Ukimya ndio unaowafunga watu midomo. Aliyesema akianza kupangiwa zamu mbaya wiki inayofuata, ichukulie kuwa ni kesi hadi ithibitike sivyo.

Hatua ya 9: Pima bila kujidanganya

Dodoso la Brown na wenzake la kupima uongozi wa uadilifu, ambalo wafanyakazi hulijaza kumhusu kiongozi wao, lina vipengele 10 tu, linajazwa kwa dakika chache. Liunganishe na maswali machache ya kupenda, hesabu na deni. Lisijazwe mbele ya bosi, na usitoe matokeo ya kundi lenye watu chini ya watano, maana wataotea nani kasema nini.

Lakini namba zilizopo tayari zinasema zaidi. Hesabu walioondoka kwa idara, si kwa hoteli nzima. Ukiwa na wafanyakazi 80 na 20 wakaondoka kwa mwaka, ni asilimia 25. Ila kama 14 kati yao walitoka mgahawani penye watu 20, tatizo lako lina anwani. Tazama wanaoondoka kabla ya siku 90, utajua uajiri wako. Tazama nani anaumwa kila anapopangwa na msimamizi fulani. Tazama pia nani anamleta ndugu au rafiki kuomba kazi, kwa kuwa mtu hamleti mdogo wake mahali asipopapenda.

Usitarajie mabadiliko ya mwezi mmoja. Mgao wa bakshishi unaonekana ndani ya wiki chache. Ratiba inachukua msimu mzima kuaminika, maana wanasubiri waone kama utairudisha ya zamani wageni wakijaa.

Na kama tatizo liko juu yako?

Mameneja wengi wataniuliza hili, kwa haki. Mwenye mali anataka asilimia ya bakshishi, au anataka mgeni wake asiguswe. Kwanza mpelekee hesabu badala ya mahubiri: gharama ya kutangaza nafasi, ya kumfundisha mtu mpya, ya sare, ya wiki anazofanya kazi polepole, ya malalamiko ya wageni wakati huo. Zidisha kwa walioondoka. Mara nyingi jumla hiyo inazidi alichotaka kukichukua kwenye sanduku. Akikataa, omba agizo lake kwa maandishi. Maagizo mengi hufia hapo. Akiandika, mjibu kwa maandishi ukitaja sheria inayohusika, na uwe umeshaamua moyoni, kabla ya siku hiyo, ni agizo gani hutalitekeleza hata kwa gharama ya kiti chako. Waliokuwa chini yako hawatajua ulichoandika. Watakachoona ni hesabu ya wiki ile ukutani, kama imebandikwa au haikubandikwa.